Sikio la Mbuzi wa Mama

Utotoni mwangu, mbuzi wa mama niliwajua kwa kusimuliwa tu. Kwetu ni Kibugu, huku juu karibu na msitu wa mlima, ambako majani chai yanafika hadi mlangoni na ukungu ukishuka asubuhi humwoni jirani mpaka akusalimie. Hapa hakuna nafasi ya mbuzi. Mbuzi mmoja akikata kamba ni kesi tatu: ya majani ya nepia ya ng'ombe wa jirani, ya mahindi ya jirani, na ya kanisani Jumapili, kwa maana jirani mwenyewe ni mzee wa kanisa. Kwa hivyo mama, kama watu wengi wa huku, aliwaweka mbuzi wake kule chini, kwenye nchi kavu ya Mbeere, kwa rafiki wa marehemu baba.

Mzee huyo alikuwa akipanda kuja kwetu mara moja au mbili kwa mwaka, na kunde ndani ya gunia na vumbi jekundu kwenye viatu. Mama alimpa kiti karibu na moto na chai ya maziwa mengi, akamuuliza habari za watoto, za mvua, za majirani, na mwisho kabisa, kana kwamba amekumbuka wakati huo tu, habari za mbuzi. Hakuuliza ni wangapi. Kwetu mbuzi hawahesabiwi kwa sauti; ni kuwaletea mkosi. Aliuliza, "Yule wa tumbo jeupe anaendeleaje?" Mzee akaeleza polepole: wa tumbo jeupe amezaa mapacha, yule mweusi amekuwa mtukutu, yule wa madoa ameumia mguu lakini amepona. Mimi nililala kwenye mkeka nikisikiliza, na mbuzi wakaanza kutembea kichwani mwangu kwenye udongo mwekundu nisiojua ni mwekundu kiasi gani. Mpaka leo sijui kitu kitamu kuliko kusinzia huku mtu mzima akiongea habari za mbuzi walio mbali.

Mbuzi wote wa mama walikuwa na mapengo mawili madogo yaliyokatwa kwenye ukingo wa sikio la kushoto. Hiyo ilikuwa alama ya babake. Mimi nilipewa jina la huyo babu, na ndiyo sababu mama huniita "baba," hata sasa nikiwa na mvi zangu. Akinikasirikia huniita "mwalimu."

Malipo ya mzee yalikuwa maziwa, na mara moja moja mtoto wa mbuzi. Sheria ilikuwa moja: mbuzi akifa, awe ameliwa na fisi au amekufa na njaa, mchungaji analeta ngozi, na sikio likiwa juu yake. Mwaka mmoja wa kiangazi kibaya alipanda na ngozi tatu begani. Nilikuwa darasa la nne. Mama alizitandaza uani moja baada ya nyingine, akapiga magoti, akapitisha vidole kwenye kila sikio la kushoto mpaka akapata mapengo yake mawili. "Ni wangu," akasema. "Ni wangu. Na huyu ni wangu." Kisha akaingia jikoni akampikia mzee chakula kizuri kuliko cha Krismasi. Nilimuuliza baadaye kwa nini anampikia mtu aliyefiwa na mbuzi wetu watatu. Alinitazama kama mtoto asiye na akili, akasema, "Si ameleta ngozi?"

Naeleza haya yote kwanza kwa sababu bila hayo utanidhania mjinga wa kawaida. Mimi nilikuwa mjinga wa aina ya kwetu.

Nafundisha sanaa katika shule moja ya Kaaga, pale Meru mjini, na mwaka ule ambao watu walianza kuvua barakoa, mwenzangu wa kompyuta aliingia ofisi ya walimu na simu mkononi kama mtu aliyeokota yai la dhahabu. Kwao ni Githongo, mtoto wa wakulima wa kahawa, kijana mpole anayevaa sweta hata jua likiwaka. Alitueleza kuhusu picha za kidijitali zinazouzwa mtandaoni, zile walizoziita NFT. Unanunua picha. Picha yenyewe haiji kwako, inakaa huko huko kwenye mtandao, na mtu yeyote duniani anaweza kuitazama. Lakini kuna daftari kubwa lisilofutika, na ndani ya daftari imeandikwa kwamba ni yako.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema, akiinua kidole. "Sasa hii, mwalimu, ni mali yenye daftari la dunia nzima. Inapotelea wapi? Hii ni chansi. Ukilala utaachwa."

Mwalimu wa hesabu, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kitu usichokishika, usichokaa nacho, kinakuwaje chako? Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwangu hilo halikuwa swali hata kidogo. Nilikuwa nimelelewa na mali isiyoonekana. Nilijua tangu mkekani kwamba kitu kinaweza kuwa mbali, kwa mtu mwingine, mahali usipofika, na bado kikawa chako na kikazaa. Wengine walihitaji kushawishiwa. Mimi nilielewa haraka kuliko wote, na hilo ndilo lililoniponza.

Picha niliyoichagua ilikuwa ya mbuzi. Kulikuwa na mbuzi maelfu katika mkusanyo ule, kila mmoja na mavazi yake, na wangu alikuwa na miwani ya jua, koti la kijani na kofia ya sufu iliyofunika masikio yote mawili. Kama ingekuwa kazi ya mwanafunzi wangu, ningempa alama za huruma. Mstari ulikuwa mvivu, rangi zilimwagwa tu. Lakini niliitazama siku baada ya siku, na siku zikawa na utamu wake. Nilitembea chini ya miti ya mikabela ya Kaaga saa za chakula cha mchana na mbuzi wangu mfukoni, nikisikia mwanga wa jua kama unapita kwenye maji. Niliona nyumba yenye dirisha kubwa linalotazama mlima. Niliona meza ya kuchorea. Mwenzangu aliniambia bei ya mbuzi wale inapanda, na mimi niliisikia kama vile mama alivyosikia habari za mapacha.

Ili kununua, nilihitaji pesa nisizokuwa nazo. Hapo ndipo nilipoendesha gari kutoka Meru hadi Kibugu kumwona mama.

Macho ya mama yalikuwa yameanza kufa. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Alikuwa akiona mwanga na kivuli, na nyuso zetu kama nguo zilizoanikwa mbali. Hakuweza tena kushuka Mbeere kuwatembelea mbuzi wake, na mzee naye miguu ilikuwa imechoka. Nilizitumia hizo huzuni mbili kama ngazi. Nilimwambia, "Mama, mbuzi wa kule chini huwaoni tena. Tuwauze tumnunue huyu mmoja. Huyu atakuwa kwa simu, hapa hapa. Kila nikija utakuwa naye."

Alichukua simu akaiweka magotini. Alipitisha kidole juu ya kioo, taratibu, kutoka juu kushoto.

"Masikio yake yako wapi?"

"Amevaa kofia, mama."

"Kofia? Nani anafunika mbuzi masikio? Huyo ni mbuzi wa wizi."

Nilicheka. Nikamweleza habari za daftari. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza, "Na nani anamlisha?"

"Halishwi, mama. Ni picha."

"Kila kitu kinalishwa," akasema. Ukungu ukaingia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. "Lakini wewe ndiye umesoma, baba. Fanya vile unaona."

Aliyesema "fanya vile unaona" aliniamini. Nataka hilo liandikwe.

Kule chini, mfanyabiashara wa mbuzi aliwapakia kwenye lori huku akiwahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya juu. Mzee aligeuza uso pembeni. Lori lilipoondoka, aliniuliza, "Mama yako amepata mchungaji mwingine?"

"Ndiyo, mzee. Wa kwenye mtandao."

"Anajua kuleta ngozi?"

Nilicheka tena. Katika habari hii yote nimecheka sana mahali pasipofaa.

Miezi michache ilikuwa mizuri. Kila nilipokwenda Kibugu mama aliomba simu, akapapasa kioo. "Ni laini sana," alisema. Akaniuliza kama mbuzi amezaa. Badala ya kumwambia kwamba picha haizai, nilimwambia, "Bado anakua," na kwa namna fulani haikuwa uongo wote, kwa sababu bei ilikuwa bado juu. Nilipendezwa na sauti yake akiuliza. Ilikuwa ile ile ya karibu na moto, na mimi nilikuwa nimekuwa mzee wa kunde na vumbi.

Kisha mbio za sakafuni zikafika ukingoni. Hapakuwa na kishindo. Ilikuwa kama ukungu wa kwetu unavyoondoka: unatazama na upo, unatazama tena na unaona miti. Wiki moja bei ilishuka na mwenzangu akasema inapumua tu. Wiki nyingine ikashuka tena, naye akasema wenye moyo mwepesi ndio wanauza. Mwezi uliofuata hapakuwa na mtu wa kununua kwa bei yoyote, na mwenzangu akaacha kusema. Alianza kwenda Githongo kila Ijumaa kumsaidia babake kuchuma kahawa, na akirudi Jumatatu mikono yake ilinuka maganda. Hakunikwepa. Siku moja aliniwekea chai mezani bila kuniuliza, akakaa kando yangu, na tukainywa pamoja. Sijawahi kumlaumu. Alikuwa ametia pesa nyingi kuliko mimi.

Lakini lililonishangaza lilikuja baadaye, wakati hata majuto yalikuwa yamezoeleka. Nilifungua simu nikamkosa mbuzi. Mahali pake palikuwa na mraba wa kijivu, na katikati kiduara kikizunguka, kikizunguka. Mwenzangu alinieleza: picha yenyewe haikuwa ndani ya daftari. Daftari lilikuwa na maneno ya kuonyesha njia tu, na njia ilielekea kwenye kompyuta ya watu fulani, na watu hao walikuwa wamefunga shughuli zao wakaenda. Nilitazama daftari. Nambari yangu ndefu ilikuwa pale, haikufutika, haitafutika. Imeandikwa mpaka leo kwamba mimi ni mwenye mbuzi. Mali yenye daftari ilikuwa imepotea bila habari.

Nilipokwenda Kibugu mama aliomba simu. Nikamwambia haina chaji. Safari iliyofuata nikasema kioo kimepasuka. Safari ya tatu alinyoosha mkono, nami nikasema mtandao unasumbua, akaurudisha mkono magotini akaufunika na ule mwingine.

"Basi amekufa," akasema.

Niliinamia kamba za viatu vyangu.

"Si kitu. Mbuzi hufa. Mchungaji wake ataleta ngozi."

Na akaanza kungoja. Alihamisha kiti chake kutoka jikoni hadi mlangoni. Dada yangu anayeishi naye alinipigia simu Kaaga kuniambia kwamba geti likilia mama anainua uso na kuuliza, "Ni yule wa ngozi?" Kumbe ni mpeleka majani chai, au mama wa kanisa, au upepo. Dada yangu alidhani ni uzee umeanza kumchanganya. Mimi nilijua kwamba akili ya mama ilikuwa nzima, kwamba alikuwa anangoja kitu ambacho watu waungwana hukileta. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliirefusha muhula mzima. Nilifundisha watoto kuchora vivuli, na kila nilipogeuka ubaoni nilimwona mlangoni.

Likizo ya Agosti nilishuka Embu mjini, nikaingia kwenye duka la kuchapisha. Nilikuwa na nakala ya picha ile niliyowahi kuipiga kutoka kwenye skrini siku za raha. Mashine haikuwa na wino wa rangi. Ilinitolea mbuzi wa kijivu, koti la kijivu, kofia ya kijivu. Nikakunja karatasi nikaiweka kifuani, nikapanda Kibugu. Ukungu wa Agosti hauna mwisho. Niliegesha gari nikatembea nikifuata sauti ya kuku wetu.

Geti likalia. "Ni yule wa ngozi?"

"Ni mimi, mama."

Nilipiga magoti nikamwekea karatasi magotini. Aliipapasa kwa mikono miwili, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hii ni karatasi."

"Ndiyo, mama."

"Mchungaji ni nani?"

"Ni mimi. Amekufa tangu zamani. Sikusema." Nikamwambia yote: bei, kiduara, chaji ambayo haikuwa imeisha, kioo ambacho hakikuwa kimepasuka. Nililia, mtu mzima wa hamsini, na sikuona haya, kwa sababu haya yangu yote nilikuwa nimeshaimaliza.

Kidole cha mama kilikuwa kinatafuta upande wa kushoto wa karatasi, juu, mahali penye sikio. Kilikwenda na kurudi.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Hakuna alama. Huyu aliyekufa si wangu, mwalimu. Wangu hawajafa. Wangu waliondoka wakiwa hai kwa lori. Wako mahali wanazaa, na alama ya baba iko kwa masikio yao, na mimi sijui ni wapi."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimeomboleza picha.

"Nitakurudishia pesa, mama."

"Sitaki pesa. Nataka sikio."

Akaikunja karatasi akanirudishia.

Kwa hivyo likizo ile nilishuka kule chini kila siku ya soko. Mzee, miguu yake mibovu na yote, alikataa kubaki nyumbani. Alisema alama ile anaijua kuliko mimi, na ni kweli. Joto la kule linafanya vitu vyote vielee kidogo. Mbuzi walikuwa wanakuja kutoka kwenye vumbi kama vile walivyokuwa wakinijia mkekani, weupe, weusi, wa madoa, na mimi nilienda kwa kila mmoja nikishika sikio la kushoto kati ya vidole. Sikio la mbuzi lina joto. Lina manyoya mafupi kwa nje, na kwa ndani lina mishipa midogo, na likishikwa linatikisika kujitoa. Nilikuwa na miaka hamsini na sikuwa nimejua hilo.

Wachuuzi walituchoka. "Mwalimu, unanunua mbuzi ama unatibu masikio?" mmoja aliuliza, na soko lote likacheka. Mzee akamjibu, "Anatafuta watu wa kwao." Hawakucheka tena. Mwenzake alituelekeza kwa mama mmoja upande wa mkuyu, aliyenunua mbuzi wa lori kutoka kwa yule mfanyabiashara.

Tulimpata mbuzi mmoja wa mama siku ya tatu ya soko. Alikuwa jike mzee, mweupe tumboni kama yule wa utotoni mwangu, amefungwa kwenye mti kwa kamba ya katani. Mzee alisimama mbali, akaniacha niende peke yangu. Nilishika sikio. Kidole kikashuka kwenye ukingo, pengo la kwanza, kisha la pili. Kando yake alisimama mtoto wake akinyonya, na sikio la mtoto lilikuwa limekatwa alama nyingine, mpya, ya watu wengine. Huyo hakuwa wetu. Nilimlipa mwenye mbuzi alichotaka bila kubishana, jambo ambalo lilimuudhi mzee njia nzima.

Kesho yake tulimpandisha Kibugu kwa pikapu, kwa siku moja tu, kwa sababu huku juu hakuna nafasi ya mbuzi. Alisimama uani kwenye ukungu akipiga chafya, akiogopa majani chai. Geti lilikuwa limelia, na mama alikuwa ameshainua uso, lakini safari hii hakuuliza kitu. Nilimleta mbuzi mpaka kwenye kiti. Mama alinyoosha mkono, akapata pembe, akapata paji la uso, akateremka kushoto. Vidole vyake vilitembea kwenye sikio lile polepole sana. Vikasimama. Vikaenda tena kidogo. Vikasimama.

Mzee alivua kofia. Dada yangu aliziba mdomo kwa leso.

Mama alimpapasa mbuzi shingo, bega, akahesabu mbavu kwa vidole, akakunja uso.

"Amekonda, baba," akaniambia. "Walikuwa wanamlisha nini?"